Kivutio Namba Nne

Zuura aliposikia nyundo ikigonga ukutani alidhani ni mumewe, Temirkul, hatimaye kaamua kurekebisha lile dirisha lililong'olewa na upepo tangu majira ya kuchipua. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaendelea kukanda unga. Baadaye ndipo akakumbuka kwamba Temirkul alitoka tangu alfajiri kwenda kuchomelea vyuma kule mwisho wa gati. Sasa nani huyo anagonga?

Alitoka na mikono yake imejaa unga hadi viwiko. Vijana wawili wa ofisi ya mji walikuwa wakishuka ngazi, na juu ya mlango, pale palipokuwa na kiota cha mbayuwayu, palikuwa na kibao cha buluu kinachong'aa.

"Salaam aleikum, shangazi," mmoja akasema.

"Aleikum salaam. Mnafanya nini kwenye nyumba yangu?"

"Tunapigilia kibao."

"Macho ninayo. Kibao cha nini?"

"Sasa shangazi, sisi tumepewa nyundo na kibao. Kusoma si kazi yetu."

Zuura akasoma mwenyewe. GATI LA ZAMANI. KIVUTIO NAMBA NNE. NYUMBA YA MWANGALIZI WA GATI. MAKUMBUSHO YA MAISHA YA WATU WA ZIWANI. WAGENI WOTE MNAKARIBISHWA. Akarudia mara ya pili, kama mtu anayesoma barua iliyoletwa nyumba siyo. Namba moja alikuwa anaijua, ni lile winchi la kutu. Namba mbili ni meli iliyogeuzwa mgahawa. Namba tatu ni kengele ya ukungu, ambayo mwaka wa kumi na tano huu haina ulimi. Lakini namba nne ndimo anamolala yeye!

Kabla hajapata la kusema, sauti ya mama mkwe wake, Bibi Batma, ikatoka dirishani. "Mkamwana! Umewasimamisha watu nje kama mbuzi? Waingie waonje mkate."

Basi wakaingia. Wafanyeje? Kwetu hata mpita njia mwenye haraka zake hutolewa mkate mlangoni, akamega kidogo, akaweka mdomoni, ndipo akaenda zake. Vijana wakamega, wakachovya kwenye malai, wakanywa chai bakuli tatu tatu, wakamwombea bibi maisha marefu, wakaondoka na ngazi yao. Jioni Temirkul alipouliza nani kapigilia kile kibao, Zuura aliona aibu kumwambia kwamba amewalisha.

*

Nyumba yenyewe si kitu cha kumtoa mtu mate. Vyumba vinne vya mbao, ukuta uliopakwa chokaa, bati linalovuja juu ya jiko, na dirisha linalotazama ziwa Isik-Kul moja kwa moja, maji mpaka milima ya ng'ambo. Serikali ya zamani ilimpa baba yake Temirkul, aliyekuwa mwangalizi wa gati. Aliwasha taa na kuandika majina ya meli kwenye daftari mpaka meli zikaisha, na miaka mitatu baada ya meli naye akaisha. Kofia yake bado inaning'inia msumarini. Karatasi ya umiliki hawakuwahi kupewa. Tangu majira ya kuchipua faili lao lilikuwa ofisi ya mji, na kila Zuura alipokwenda kuuliza aliambiwa imebaki saini moja tu. Saini hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfanya asilale vizuri, maana bila hiyo karatasi siku yoyote wangeweza kuambiwa fungasheni.

Ukitaka kumlaumu mtu kwa yale ya kibao, mlaumu Bibi Batma na mkate wake. Watalii wakishapiga picha na winchi huenda kwenye meli, na njia inapita chini ya dirisha lake. Bibi ana miaka sabini na tisa, miguu imemgomea lakini sauti haijambo. Akiona mtu anapita, huita. Kaita Warusi, kaita Wakazaki, kaita Mfaransa mmoja aliyekaa saa nzima akisimuliwa kwa Kikirgizi jinsi taa ya gati ilivyozimika usiku wa harusi ya bibi, naye haelewi hata neno, analia tu. Aliyejaribu kuacha hela chini ya bakuli, Zuura alitumwa amkimbilie mpaka kwenye meli amrudishie. Kwa majira mawili ya joto mambo yakawa hivyo, na hakuna aliyeona kosa lolote. Kosa gani? Mgeni ni mgeni.

Kesho yake baada ya kile kibao, Zuura akavaa kitambaa chake cha hariri, akaenda ofisi ya mji. Alipokelewa na kijana anaitwa Kerim, mstaarabu, kucha safi, mwenye kuandaa orodha ya vivutio vya gati.

"Mwanangu, mmekosea nyumba," Zuura akaanza.

"Hatujakosea, shangazi. Tazama." Akamgeuzia simu. "Watu mia mbili na kumi wameandika habari zenu. Huyu anasema, makumbusho bora kuliko yote ziwani. Huyu anasema, kuna bibi kizee anakupa mkate, anaigiza vizuri mno."

"Anaigiza? Yule ni mama mkwe wangu!"

"Ndiyo, wamempenda sana."

"Pale si makumbusho, Kerim. Pale ni kwetu. Mimi nafua pale. Mimi naugua mafua pale."

Kerim akakuna kichwa. Ni kweli alimwonea huruma, nadhani, ila alimwonea huruma huku akifungua kabati. Akatoa faili lao, Zuura akalitambua kwa doa la chai. "Tatizo ni hili, shangazi. Kama ni makumbusho, ni mali ya umma, na mali ya umma haiandikwi jina la mtu. Kama ni nyumba, nitang'oa kibao kwa mkono wangu, na hii saini mtaipata. Lakini siwezi kuamua mimi. Jumatano tume itakuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kama mnapokea wageni. Wakikuta watalii ndani, ni makumbusho. Wakikuta familia peke yake, ni nyumba. Ni rahisi tu."

Zuura akatoka pale akiwa hajui kama amesaidiwa au ametishwa. Kwenye ngazi za ofisi akagundua kwamba amemshukuru mara nne.

*

Temirkul hakupoteza wakati. Siku hiyo hiyo akachomelea komeo, chuma kwa chuma, akalifunga kwenye geti ambalo tangu lijengwe lilizuiwa kwa jiwe tu. "Mpaka Jumatano haingii mtu," akasema. "Hata malaika akija, apite kwa jirani."

Bibi Batma akamtazama mwanawe kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. "Baba yako kakaa hapa miaka arobaini na moja. Umewahi kuona komeo?"

"Mama, wanataka kutunyang'anya nyumba."

"Kwa sababu ya mkate?"

"Kwa sababu ya mkate, ndiyo!"

"Basi nyumba hiyo waichukue," bibi akasema, akageukia dirisha, na tangu hapo hakumsemesha tena. Akitaka kumwambia Temirkul kitu alikipitishia kwa Zuura. Mwambie mumeo chai imepoa. Mwambie mama yako nimesikia. Zuura katikati, akibeba maneno huku na huko kama tarishi.

Na wageni nao, lo, sasa ndio walizidi! Maana orodha ilikuwa imechapishwa na ramani juu. Walisukuma geti, wakagonga, wakaita, wakachungulia. Asubuhi moja Zuura anachana nywele, akainua macho, akakuta nyuso tatu zimebandikana kwenye kioo. Akianika nguo, mwanamke mmoja akapenyeza simu juu ya uzio akampiga picha, halafu akamuuliza kwa upole, "Samahani, dada, wewe ni mwigizaji au mnaishi kweli?"

"Naishi," Zuura akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamtia shaka.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba na yeye alianza kuharibika. Anaweka birika mezani, kisha anarudi kulisogeza kidogo lipendeze. Anatandika blanketi, anarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Kwa nani? Akajikemea, wee Zuura, una wazimu?

Sultanaly, yule mwenye kupiga watu picha na tai begani, alimkuta amekaa juu ya nanga kubwa, ameshika ndoo tupu. "Jirani, usijitese," akamwambia. "Mimi wamekuja wakasema tai wangu ni kivutio namba sita. Nikauliza, na mimi je? Wakasema wewe huna kibali, ondoka gatini. Sasa tai yumo kwenye orodha, mimi simo. Nani atamlisha?"

"Umefanyaje?"

"Nimemuuliza tai. Naye hajui."

Zuura akacheka, kisha akaona kwamba analia. Sultanaly akamgeuzia tai upande wa pili, kana kwamba ni ndege ndiye asiyefaa kuona.

*

Jumatano ukavuma ulan. Upepo huo wa magharibi hauna hodi. Saa mbili ziwa lilikuwa limetulia, saa tatu mawimbi yalikuwa yanapanda juu ya gati na mvua inakuja kwa ubavu. Temirkul alifurahi. "Na leo hatatoka mtalii. Mungu yupo." Tume ilikuwa ije saa nne. Zuura akaoka mkate, maana tume nayo ni watu, akapanga mabakuli, akayapangua yasionekane yamepangwa, akayapanga tena.

Saa nne na robo mtu akagonga geti.

Temirkul akachungulia. Hawakuwa tume. Alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ndefu nyeupe ya sufu, imelowa hadi imelala upande, na mkewe kamshika mkono, anatetemeka midomo imekuwa ya buluu. Wazee wa mlimani, unawaona tu, wamekuja kuliona ziwa.

"Wenyewe mpo?" mzee akaita.

"Usiitike," Temirkul akanong'ona. "Waende kwenye meli."

"Meli imefungwa. Ni ulan huu."

"Basi wajibanze kwenye winchi! Zuura, robo saa tu. Robo saa, halafu nyumba ni yetu, nitawabeba mgongoni niwalete."

"Wenyewe mpo?" Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba.

Zuura akamtazama mama mkwe wake. Alitamani bibi aseme neno, lolote lile, fungua au usifungue, ili lawama ipate pa kukaa. Bibi Batma hakusema. Alikuwa amekunja mikono mapajani anamtazama mkamwana wake, basi. Katika nyumba ya Kikirgizi mkamwana ndiye anayemimina chai, na kwa hiyo ndiye anayefungua mlango.

Akasema, "Tupo," si kwa nguvu, akashangaa kujisikia. Kisha akawa anakimbia uani kwenye mvua. Komeo la mumewe lilikuwa gumu, likamchuna kidole.

Wazee wakakalishwa mahali pa heshima, mkabala na mlango, miguuni wamefunikwa koti la marehemu baba mkwe. Mwanamke alishika bakuli la chai kwa mikono miwili bila kunywa, kwanza apate joto. Bibi Batma alikuwa ameanza kuwasimulia ya taa na usiku wa harusi, na rangi imemrudi usoni, hapo ndipo tume ilipoingia. Watatu, na Kerim nyuma yao anafunga mwavuli uliopinduka. Geti walilikuta wazi.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoshika mvuke. Akaifuta, akatazama. "Wageni wawili," akasema, na mwenzake akaandika.

"Si watalii hawa," Temirkul akadakia. "Hawa ni..."

Mwenyekiti akamgeukia mzee. "Baba, mnajuana na watu hawa? Ni ndugu zenu?"

Zuura akamtazama mzee wa watu kwa macho yote aliyonayo. Sema ndiyo, baba. Sema mjomba, sema mkwe, sema chochote. Lakini mzee alikuwa mtu mkweli, tena alitaka kuwasaidia. Akaweka mkono kifuani. "Hatujuani kabisa, binti. Tumegonga tu. Tumefunguliwa, tumekaushwa, tumelishwa. Muandike hivyo hivyo, serikali ijue kuna watu kama hawa."

"Tutaandika," mwenyekiti akasema.

"Na nyie mnasimama nini?" Bibi Batma akawaita. "Onjeni mkate."

Wakaonja. Wote wanne walimega, mwenyekiti akapaka na jamu ya aprikoti kavu, yule mwandishi akaandika huku anatafuna, vipande vikidondoka kwenye karatasi anavipuliza. Hapo Zuura, ambaye kwa miaka ishirini hajawahi kupaza sauti mbele ya mama mkwe wake, akapaza.

"Na nyie mmekula! Nyie nao ni wageni. Mbona hamjajiandika? Nyie ni watalii?"

Kerim akatazama soksi zake.

"Sisi tuko kazini, dada," mwenyekiti akasema, akameza.

*

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, na Zuura aliisoma mara nyingi kuliko kibao. Nyumba ni makumbusho. Familia itaendelea kuishi katika vyumba viwili vya nyuma kama walinzi. Bati litatengenezwa kwa gharama ya mji. Zuura ataajiriwa, atavaa beji, atakata tiketi getini kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja. Ni marufuku kuwapa wageni chakula, kwa sababu za afya.

Sasa hilo ni baya au zuri? Nenda ukamuulize Temirkul. Siku ya kwanza alitaka kuing'oa nyumba nzima kwa moto wa kuchomelea. Siku ya pili mafundi wakaja, bati jipya likawekwa, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe Zuura mvua ikanyesha hawakutafuta ndoo. Akakaa jikoni anasikiliza. "Hata sijui nimkasirikie nani," akasema. Gatini wengine walikuja kupongeza, wengine kutoa pole, na Sultanaly alisimama mlangoni na tai wake akauliza wazi, "Jirani, niseme hongera au niseme pole?" Wakamwambia asubiri kidogo, nao hawajui.

Kerim alileta vitu vya maonyesho. Kamba ya kuzuia watu wasikalie mahali pa heshima. Karatasi ndogo chini ya kofia ya marehemu. Na mkate, mkate wa kweli wa mviringo, uliokaushwa na kupakwa vanishi mara tatu usioze, wa kuwekwa katikati ya meza.

Bibi Batma aliuangalia ule mkate muda mrefu. Kesho yake akafunga furushi, akasema anakwenda kwa dada yake, kusini ya ziwa.

"Utarudi lini, mama?" Zuura akauliza.

"Nikialikwa."

Zikapita wiki tatu. Zuura aliketi getini na beji yake na kitabu cha tiketi, chini ya kibao. Alijifunza kusema "karibuni" kwa namna ya kazi. Mkate wa kula aliuficha chumba cha nyuma, ndani ya sanduku lenye kufuli, maana Kerim hupita kukagua. Kila siku alimpigia simu dada yake bibi, na kila siku aliambiwa bibi amelala.

Siku ya kundi kubwa, watu kumi na tisa kutoka mji mkuu, alikuwa anakata tiketi bila kuinua kichwa, mkono unapokea, mkono unatoa. Mstari ukaisha. Mkono wa mwisho haukunyoosha hela. Ulikuwa umeshika furushi.

Zuura akainua uso. Bibi Batma alikuwa amesimama nje ya geti, kwenye foleni, ameegemea fimbo, kitambaa chake cheupe kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda ugenini. Geti lilikuwa wazi kabisa. Hakuvuka.

"Wenyewe mpo?" bibi akauliza.

Jibu ni neno moja, mtoto wa miaka mitatu analijua. Zuura alifungua mdomo. Neno likakataa kutoka. Kama wapo, hii beji ni ya nini? Kama hawapo, yeye ni nani amekaa hapa? Na bibi wa watu anasubiri juani, miguu hiyo, hatavuka bila kuitikiwa.

Mkate, akawaza Zuura. Nitampa mkate, ataingia tu. Akainuka, kiti kikaanguka, akakimbia ndani akipenya katikati ya watu, akaruka ile kamba, akauchukua mkate mezani kwa mikono miwili na kutoka nao mbio, huku mtu nyuma yake akisema, "Dada, vitu haviguswi!"

"Karibu, mama," akasema akihema. "Onja. Onja mkate, uingie."

Bibi Batma aliweka furushi chini. Akaushika mkate ule pembeni kwa vidole vyake, akajaribu kumega. Haukumegeka. Akabadilisha mkono, akajaribu tena, kwa nguvu zaidi, mpaka ukucha ukateleza juu ya vanishi. Hapo ndipo Zuura alipoona alichokileta.

"Mama, siyo huu. Ngoja, huu siyo, upo mwingine ndani, nimeufungia, ngoja..."

Bibi hakungoja. Aliunyanyua ule mkate, akaugusisha kwenye paji la uso kama unavyofanyiwa mkate wowote, akaurudisha mikononi mwa mkamwana wake. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa leso yake ya hela, akaifungua fundo taratibu.

"Basi nikatie tiketi, mwanangu," akasema. "Nimkute na mimi huyo bibi wanayemsifu."